Gobore la urithi: mafuta ya taa hayatoshi

Pole kwa kufiwa na mzee, ndugu yangu. Umeuliza kama mafuta ya taa yatasafisha gobore alilokuachia, lenye kutu mtutuni, upate kuwindia. Hayatoshi. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi inayovuta unyevu, na chumvi huyeyuka kwa maji.

Kabla ya yote, hakikisha halijashindiliwa. Ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) mtutuni mpaka ugote, utie alama usawa wa mdomo, kisha uutoe na uulaze nje ya mtutu. Ncha isipofika karibu na tundu la fataki (linalopitisha moto nyuma ya mtutu), kuna kitu ndani. Usichokonoe, mwite fundi wa silaha.

Likiwa tupu, osha kwa maji ya moto na sabuni, pitisha vitambaa mpaka vitoke safi, likaushe kabisa, paka mafuta ya bunduki. Ukishalitumia, lioshe siku ileile. Kutu ikiwa imechimba chuma, usilipige mpaka fundi alikague. Baruti ya risasi za kisasa usiitie kamwe, itapasua mtutu.

Polisi nao wajulishwe mapema: kwa Tanzania, sheria ya silaha ya 2015 inadai leseni kwa jina lako, na kibali cha kuwinda huombwa kando.