Gurami Wadogo: Maswali na Majibu

Nimenunua samaki wa mapambo aina ya gurami, madume wawili, mmoja wa buluu na mmoja mwekundu, wakae na samaki wadogo wa neoni tetra kwenye tangi la lita 60. Tangu juzi yule mwekundu amejibanza nyuma ya hita, hata kula hatoki. Anaumwa?

Anaonewa. Rangi zimetofautiana tu, samaki ni wa aina moja, na kila dume anataka eneo lake. Kwenye tangi la lita 60 aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Usisubiri wazoeane. Mtoe mmoja leo hii, umpe tangi lake au umrudishe ulikomnunua. Anayebaki mwekee mimea mingi, hasa ile inayoelea, na punguza nguvu ya maji yatokayo kwenye chujio. Akishatulia ndipo utakapoiona rangi yake. Neoni hawana ugomvi naye.

Samaki aina ya barbi wenye milia je, naweza kuwachanganya naye?

Hapana. Watamkata mapezi.

Wangu hupanda juu kila mara kuvuta hewa. Niongeze pampu?

Gurami ana kiungo kichwani, juu ya matamvua, cha kupumulia hewa kama hii yetu. Asili yake ni India, Pakistani na Bangladeshi, kwenye maji yaliyotulia yenye oksijeni kidogo. Akipanda, akagusa uso wa maji na kushuka taratibu, hana tatizo. Muachie nafasi ya sentimita chache chini ya kifuniko, na usiache tangi wazi, maana hewa baridi humdhuru. Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 27.

Ila akining'inia juu muda wote huku akihema haraka, pima amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki. Zote ziwe sifuri. Zikionekana, badilisha sehemu ya maji siku hiyohiyo.

Watatu wamenifia ndani ya miezi miwili. Walififia rangi, wakavimba tumbo. Samaki wengine wote wazima. Nakosea wapi?

Pole sana. Huenda hukukosea popote. Gurami hawa wana virusi vyao, iridovirusi, ambavyo wengi huwa navyo tangu kwa mzalishaji, na havina tiba. Hata mimi nilimpoteza dume mmoja kwa dalili hizohizo, baada ya kumpa dawa za bakteria zisizomfaa kitu.

Kwa hiyo kazi kubwa iko dukani, kabla hujalipa. Simama mbele ya tangi dakika kumi. Tazama zile nyuzi mbili ndefu chini ya kifua: gurami mzima huzinyoosha mbele akapapasa jani, akampapasa mwenzake, akapapasa hata kioo ulichokisogelea. Aliyezilaza na kukaa pembeni muache, hata awe mzuri namna gani. Omba alishwe ukiona. Kukiwa na maiti kwenye tangi hilo, ondoka bila samaki. Ukishamnunua, mtenge wiki nne kwenye tangi lake peke yake, na nyavu zake zisiguse maji mengine.

Kuna povu juu ya maji, limechanganyika na vipande vya majani. Ni uchafu?

Usilifute! Dume anajenga kiota. Jike, yule wa rangi ya fedha, akiwa tayari watataga chini yake, na mayai huanguliwa baada ya siku moja hivi. Wakishamaliza kutaga mhamishe jike, kwa sababu dume akilinda mayai humfukuza kwa ukali mpaka amuumize.