Muulize Anko: Bia nyeusi, ya moto au ya baridi, na ile ya kupangwa rangi kwenye glasi

Shikamoo Anko. Mimi na washkaji hapa Area D, Dodoma, tumeona video jamaa anamimina laga nusu glasi, juu yake anashusha Guinness taratibu kwenye kijiko, inakaa kabisa, chini njano juu nyeusi. Sisi tumejaribu kwa Kilimanjaro na Guinness ya chupa, kila tukimimina inachanganyika inakuwa rangi ya chai. Shida ni mkono au kijiko?

Marahaba mwanangu. Mkono hauna shida, shida ni chupa. Wale wanatumia Guinness Draught, ile ya kopo lenye kipira cha naitrojeni ndani, ina kilevi asilimia 4.2 tu na sukari yake karibu yote imeshaliwa na hamira, kwahiyo ni nyepesi na inaelea. Hiyo ya chupa mnayoipata nyie ni Foreign Extra, ni kali zaidi halafu imebakiwa na sukari nyingi ya kimea (shayiri iliyooteshwa), yaani ni nzito kuliko laga, sasa ukiimwaga juu lazima izame tu hata ungekuwa na mkono wa fundi saa. Watu wengi wanadhani nyeusi maana yake nzito na kali, hapana, rangi inatoka kwenye punje chache za shayiri zilizokaangwa mpaka zikawa nyeusi, ila anayekaa chini na anayekaa juu wanaamuliwa na sukari iliyobaki.

Kwahiyo geuza. Stauti, yaani bia nyeusi kama hiyo Guinness ya chupa, iwe ya kwanza, inamisha glasi, mimina mpaka nusu, subiri povu lote litulie na hapa ndo wengi wanakosa uvumilivu. Kisha geuza kijiko mgongo juu, ncha yake iguse ukuta wa glasi karibu kabisa na bia, laga idondokee mgongoni kama uzi mwembamba, sio mkondo. Mwanzo utaona ukungu wa kahawia katikati, usisimame, endelea polepole laga itapanda juu. Stauti ikiwa imepoa kuliko laga inasaidia kidogo.

Kama mnataka nyeusi ndo iwe juu, basi chini wekeni Stoney Tangawizi. Soda ina sukari nyingi kuliko bia yoyote hapo baa, kwahiyo hata Foreign Extra inaelea juu yake, ila iachieni gesi kwanza kwa dakika kadhaa maana mapovu yakipanda yanavuruga mstari. Kiukweli hii mi naipenda kuliko ile ya laga, unakunywa uchungu wa juu kisha tangawizi inakuja nyuma kuusafisha.

Anko, baba mdogo kila tukitoka anaagiza Guinness ya moto, wahudumu wanamshangaa na mimi naona aibu. Kuna maana yoyote au ni mazoea ya wazee? (Kisasa, Dodoma)

Ndugu yangu, baba mdogo yupo karibu na ukweli kuliko wanaomshangaa. Draught wenyewe watengenezaji wanataka inywewe kwenye nyuzi 6 hivi, lakini stauti kali zinafunguka vizuri kwenye nyuzi 10 mpaka 13. Friji za baa zetu zinagandisha bia mpaka chupa inatoa barafu, na ulimi ukishakufa ganzi husikii chochote zaidi ya uchungu, af mtu anasema bia nyeusi mbaya, kumbe hajaionja. Itoe kwenye friji, iache mezani robo saa, mimina, nusa kabla hujapeleka mdomoni. Kwanza utapata kahawa, kisha sukari iliyoungua, mwisho kabisa kaukakasi pembeni mwa ulimi, huo ndo utamu wenyewe.

Sasa "ya moto" nayo ina msimu. Mwezi wa saba usiku Dodoma inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, bia iliyokaa nje muda huo iko sawasawa bila friji. Ila Novemba mchana, jua la hapa tunalijua wote, chupa ya kwenye kreti inakuwa na nyuzi 30, hiyo hata baba mdogo mwambie kwa heshima asubiri friji kidogo.

Habari Anko, hivi pota na stauti tofauti yake nini hasa?

Leo ni ndogo sana, mara nyingi mtengenezaji anaamua mwenyewe aandike nini kwenye lebo. Pota nayo ni bia nyeusi, ilianza London miaka ya 1700 mwanzoni, ikapendwa na wapagazi wa mjini na bandarini, na stauti ilikuwa ni pota iliyotengenezwa kali zaidi. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1817, Daniel Wheeler alipopata hataza (haki ya uvumbuzi) ya pipa la kukaangia kimea kikawa cheusi bila kushika moto, tangu hapo kimea kidogo tu cheusi kinatosha kupaka rangi bia nzima. Castle Milk Stout ni tawi jingine, inawekwa sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, ndo maana inabaki na utamu laini. Wewe ambaye maziwa yanakuvuruga tumbo, jihadhari na hiyo.

Anko samahani, mimi ni mjamzito, wifi ananiletea bia nyeusi anasema inaongeza damu.

Dada yangu, usinywe, na mwambie wifi kwa upole kwamba nia yake ni nzuri ila bia siyo dawa. Hayo maneno yana historia, Uingereza mwaka 1929 Guinness walianza kutangaza kwamba bia yao ni nzuri kwa afya, lakini madini ya chuma humo ni kidogo mno na kilevi kinamfikia mtoto. Damu ipate kwenye vidonge vya kliniki, maharage na nyama. Na usikose kliniki tafadhali.

Mkuu, Dodoma tuna mvinyo wetu, naweza kuchanganya na stauti?

Wazo lina wakubwa wake, kuna kinywaji kinaitwa Black Velvet, stauti na shampeni, kinasimuliwa kwamba kilianzia klabu ya Brooks's London mwaka 1861 wakati wa msiba wa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Ila pale kazi inafanywa na mapovu ya shampeni, na mvinyo mwingi wa hapa kwetu hauna gesi, ukichanganya unapata kitu kimelala. Dompo, ule mvinyo wetu mtamu na mkali, ndo usithubutu, tamu juu ya tamu na kilevi juu ya kilevi. Mvinyo unywe wenyewe siku yake.

Stauti ipeleke kwenye nyama. Mbuzi choma wa mnada wa Msalato, ile sehemu ya ubavu iliyoungua pembeni, na stauti iliyopoa kiasi, ule moshi na ile shayiri iliyokaangwa vinashikana kabisa. Pilipili ikiwa kali chukua milk stout, utamu wake unaituliza, laga itakuongezea moto tu.