Maswali na Majibu: Taa za Dashibodi kwenye Malori ya Zamani

Swali: Lori langu la dizeli limepita miaka ishirini. Asubuhi taa ya oili huzimika vizuri, lakini injini ikishapata moto nami nimesimama, huanza kumetameta, na nikikanyaga mafuta kidogo huzimika tena. Nimeshabadilisha swichi ya presha mara mbili. Sasa nibadilishe nini?

Jibu: Usibadilishe chochote. Umenunua swichi mbili na bado hujapima presha hata mara moja, kosa ninalolisoma katika nusu ya barua ninazozipata. Swichi hiyo haipimi lolote: presha ikishuka chini ya kiwango kidogo sana, ambacho katika injini nyingi ni kati ya bar 0.3 na 0.5, inaugusisha waya wa taa na eathi (chuma cha injini), basi. Maana yake ni kwamba taa inapowaka kwa haki, hali imekwisha kuwa mbaya.

Ifungue swichi, ufunge geji ya presha kwenye tundu lilelile, uiache injini ipate joto la kazi, kisha ulinganishe unachokisoma na kitabu cha injini yako. Geji ikionyesha presha ya kutosha huku taa ikimetameta, chunguza waya uliochubuka. Ikiwa presha ni ndogo kweli, anza na yasiyo na gharama: chomoa stiki ya oili, uangalie kiwango, usugue tone la oili kati ya vidole na ulinuse. Oili inayonuka dizeli na iliyolegea kama maji imeingiliwa na mafuta kutoka kwenye nozeli au pampu, na hata injini nzima haitashika presha kwa oili ya namna hiyo. Oili ikiwa safi, shusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, uangalie wavu wa pampu ya oili, kwa kuwa tope la miaka mingi huuziba. Yote hayo yakiwa sawa, zinabaki pampu yenyewe na beringi za krenkishafti, ambazo zikilika huacha mwanya unaopitisha oili ya moto upesi kuliko pampu inavyoweza kuileta. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta, pampu ikazunguka kwa kasi zaidi, taa inazimika. Atakayekushauri umimine oili nzito zaidi ili taa inyamaze anakusaidia kuficha ugonjwa, si kuutibu. Na taa hiyo ikiwaka siku moja ukiwa mwendoni, egesha na uzime injini papo hapo, wala usijaribu kufika gereji.

Swali: Taa ya chaji na taa ya breki zimewaka kwa wakati mmoja. Mafuta ya breki yamejaa na hendibreki imeshushwa. Zinahusianaje?

Jibu: Katika malori mengi ya dizeli ya Kijapani ya zamani, alteneta inapoacha kuchaji, taa zote mbili huwaka kwa sababu ya jinsi nyaya zilivyounganishwa. Kuna na sababu nzito zaidi: mara nyingi pampu ya vakyumu inayohudumia busta ya breki, kifaa kinacholainisha pedeli, imefungwa mgongoni mwa alteneta hiyohiyo. Mkanda unaoizungusha ukikatika, unapoteza chaji na wepesi wa breki kwa pamoja, na utalazimika kukanyaga pedeli kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo tazama mkanda kwanza, kisha upime betri injini ikinguruma. Mfumo wa volti 12 usome takriban 13.8 hadi 14.4, na wa volti 24 usome 27.6 hadi 28.8. Ukikuta alteneta imelowa oili kwa nyuma, sili ya pampu imechoka na oili imezifikia brashi za kaboni. Kubadilisha brashi bila sili ni kuirudia kazi baada ya muda mfupi.

Swali: Taa yangu ya chaji haiwaki kabisa, hata nikifungua swichi kabla ya kuwasha injini. Bila shaka hiyo ni dalili njema?

Jibu: La. Mara nyingi balbu imeungua au imeng'olewa, na katika alteneta nyingi za zamani umeme unaopitia balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Anayenunua lori lililotumika afungue swichi na ahesabu taa kabla ya kusikiliza injini, maana taa isiyowaka kabisa inanitia shaka kuliko inayowaka.

Swali: Nikichomoa temino ya betri, taa ya injini itazimika?

Jibu: Itazimika, kisha itarudi, nawe utakuwa umefuta kodi ya hitilafu, yaani namba inayotaja kasoro, ambayo fundi angeihitaji. Nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi. Toyota nyingi za kabla ya OBD-II, mfumo wa kusoma kodi kwa mashine, hazihitaji mashine: kwenye soketi ya uchunguzi unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, uhesabu mimeto ya taa na kuiandika. Usibahatishe matundu mengine ya soketi hiyo.

Swali: Taa ya T-BELT imewaka, ilhali injini haina kasoro. Niipuuze?

Jibu: Taa hiyo haihisi kasoro, inahesabu kilomita, kwa kawaida 100,000. Kama huna hakika mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa, kwa sababu ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kuirudisha taa sifuri ni kazi ya dakika chache, na wapo wanaoirudisha bila kuugusa mkanda.

Swali: Taa ya njano yenye alama ya filta huwaka kila baada ya siku chache.

Jibu: Ni maji kwenye dizeli. Legeza koki iliyo chini ya filta, upige pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, kisha uikaze. Ikiendelea kurudi, usafishe tangi.