Jibu: Ripoti ya mwezi inafunguka, ya mwaka inaishiwa memori
Kaka, umesema ripoti ya mauzo ya mwezi ya duka lenu la Kariakoo inafunguka vizuri, ila ya mwaka mzima kwenye JasperReports Server (programu ya kutoa ripoti) inakwama na ujumbe wa java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space, yaani memori ya Java imeisha, wakati seva ina RAM ya GB 16.

RAM ya mashine siyo memori ya Java. Java inatumia kiasi ilichoruhusiwa tu. Nenda folda ya bin ya Tomcat (programu inayoendesha JasperReports Server), fungua setenv.sh, tazama -Xmx, yaani kikomo cha memori ya Java, imeandikwa ngapi. Ipandishe hadi -Xmx8g, kisha zima na uwashe Tomcat. Usiipe zote 16, hasa kama hifadhidata nayo inakaa humo humo.

Lakini hiyo ni nusu ya dawa. Mimi nilihangaika wiki nzima na ripoti kama yako, kila siku naongeza memori, kumbe SQL (maagizo ya kuvuta data kwenye hifadhidata) ilikuwa inavuta risiti moja moja halafu jumla inapigwa ndani ya ripoti! Jumlisha kwenye hifadhidata kwa GROUP BY, agizo la SQL la kupanga mistari kwa makundi. Mistari laki kadhaa inageuka mia chache.

Bosi akitaka mistari yote, washa virtualizer ya JasperReports, inahamishia kurasa za ripoti kutoka memori kwenda kwenye diski. Ila ukizima ugawaji wa kurasa kwa ajili ya Excel, ripoti nzima inakuwa ukurasa mmoja mrefu, na hapo virtualizer inaweza isikusaidie sana.

Tubandikie hiyo SQL tuione.