Ukianza Kilatini, anza na catholicus

Jaribio langu la kwanza la Kilatini, kidato cha kwanza seminari, lilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko wa bluu. Kosa ninalolikumbuka hadi leo ni fidem catholicem, “imani katoliki”. Niliona fidem inaishia na -em, nikakivika kivumishi nacho -em, vifanane kama sare za kwaya. Sahihi ni fidem catholicam.

Wewe unayeanza, usifuate sauti. Kivumishi cha Kilatini hupatana na nomino kwa jinsia, idadi na kazi yake katika sentensi. Fides, “imani” (ikitendwa huwa fidem), ni ya kike, basi catholica, hata kama masikioni haviendani. Poeta, “mshairi”, inaishia na -a, lakini ni ya kiume: poeta catholicus. Mbona kwetu tunasema kiongozi mwema, si kiongozi chema? Kwa hiyo kariri sura zote tatu, ya kiume, ya kike na ya kati, kwa pumzi moja, catholicus, catholica, catholicum, na kila nomino uikariri pamoja na jinsia yake.

Nimelichagua neno hili kwa sababu asili yake inaonekana waziwazi. Wagiriki walikuwa na neno kata, “kulingana na”, na holos yenye maana ya “zima”. Vikikutana, a ya kata hudondoka, t ikipata pumzi ya h inakuwa th: kath’ holou, “kwa ujumla”. Ndipo katholikos. Askofu Ignasi wa Antiokia aliliita Kanisa hivyo alipowaandikia Wakristo wa Smirna, mwanzoni mwa karne ya 2. Walatini walipoliazima, -os ikawa -us, wakalitia kundi moja na bonus, “mwema”, likawa linabadilika miisho kama mzawa. Sisi tumeliacha lilivyo, kama safi na ghali: Kanisa takatifu, mtu mtakatifu, lakini katoliki haliguswi. (Mkatoliki ni nomino, usinibishie.) Hata mkazo umehama: Mgiriki aliuweka mwishoni, -kos; Mlatini kwenye -tho-; sisi kwenye -li-.

Zoezi langu ni mstari wa Credo, yaani Kanuni ya Imani, niliouimba miaka miwili bila kuuelewa: unam, sanctam, catholicam et apostolicam Ecclesiam, “Kanisa moja, takatifu, katoliki na la mitume”. Vivumishi vinne vimeshavaa -am, vinamsubiri bibi harusi aje mwisho. Mtoe Ecclesiam, weka populum, “taifa”, ambayo ni ya kiume, kisha rekebisha vyote vinne. Ukipata unum, sanctum, catholicum et apostolicum populum, umepita pale nilipokwama mimi na fidem yangu.