Maswali ya wasomaji: demo mbele ya ukumbi uliojaa

Hamjambo wahariri? Tumetengeneza mfumo wa maduka ya rejareja: mteja analipa kwa M-Pesa, bidhaa inapungua stoo yenyewe. Mwezi ujao tumepewa dakika tano mbele ya wawekezaji na watu kama mia mbili. Mwenzangu anataka tuonyeshe video kwa sababu haamini mtandao wa ukumbini. Mimi naona video ni woga. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Nakuru

Kila mmoja ana nusu ya haki. Chagueni tukio moja tu litokee papo hapo, nalo ni malipo. Mengine yote yawe tayari: duka lina bidhaa, lina mauzo ya wiki tatu, na majina ni "Unga wa ugali kilo 2", si "test1". Kujisajili na kuingia kwa nenosiri msionyeshe kabisa. Ni sekunde 40 za kumtazama mtu akichapa, na hakuna aliyewahi kuwekeza kwa sababu ya fomu.

Sasa hayo malipo. Ombi la PIN huja kwenye simu ya mteja kupitia mtandao wa simu wenyewe, si Wi-Fi, kwa hiyo kubadilisha Wi-Fi hakusaidii kitu ikiwa mnara ulio karibu umeelemewa. Msipojibu kwa takriban dakika moja, ombi linakufa. Hakikisheni skrini yenu inaeleza matokeo kwa maneno ya kawaida: jibu 0 kutoka M-Pesa ni malipo yamepita, 1 ni salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu. Mfumo ukisema "Simu haijajibu, jaribu tena", hata kosa linaonekana kama sehemu ya kazi nzuri.

Mitego mikubwa ni mitatu, na yote hujificha wakati wa mazoezi. Wa kwanza ni tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingia Daraja (mlango wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa): huisha baada ya sekunde 3,599. Programu inayochukua tokeni mara moja tu inapowashwa itafanya kazi vizuri asubuhi na kugoma zamu yenu ikifika. Wa pili ni anwani ya kupokea majibu ya malipo. Wengi huielekeza kwenye laptopu yao kwa njia ya muda ya mtandaoni. Njia ikizimwa na kuwashwa, anwani inaweza kubadilika. Hapo pesa inakatwa kweli, SMS inaingia, lakini skrini inabaki "inasubiri" mbele ya watu wote. Iwekeni kwenye seva ya kudumu yenye HTTPS (mawasiliano yaliyolindwa). Wa tatu ni seva za bure: baadhi hulala zikikaa dakika 15 bila kutumiwa, na huchukua karibu dakika nzima kuamka. Mtu wenu aufungue ukurasa dakika tano kabla hamjaitwa, na auguse tena mkiwa mnapanda.

Kuhusu intaneti ya laptopu, ombeni waya wa mtandao jukwaani. Usipopatikana, tumieni hotspoti ya simu kwa kebo ya USB, si kwa hewani. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na ukumbi uliojaa simu huzimaliza zote. Mwezi Juni 2010 San Francisco, Steve Jobs wa Apple alikwama hivyo hivyo akionyesha iPhone 4, ikabidi awaombe watu wazime Wi-Fi zao. Nyinyi hamna mamlaka hayo juu ya hadhira. Laini ya hotspoti iwe ya kampuni tofauti na ile ya simu inayolipa.

Video ya mwenzako irekodini, sekunde 60 hadi 90, ikae ndani ya laptopu wala si mtandaoni, iwe imefunguliwa na kusimamishwa mwanzo kwenye dirisha la pembeni. Malipo yasipotokea ndani ya sekunde 15, semeni "Hii tuliirekodi jana", mwendelee. Kuificha kama ya moja kwa moja ni kosa. Wawekezaji wengi hulitambua.

Programu yetu ni ya simu. Tukirusha skrini bila waya inakatika-katika, na tukifika kwenye ukurasa wa salio projekta inaonyesha weusi mtupu. Tatizo ni projekta? – Msomaji, Mwanza

Projekta haina kosa. Kurusha bila waya mara nyingi hutaka simu na kipokezi vionane kwenye mtandao mmoja, na mitandao mingi ya kumbi na hoteli imewekwa makusudi ili vifaa visionane. Tumieni kebo. Kwa Android 5.0 na kuendelea kuna scrcpy, programu ya bure inayoonyesha skrini ya simu kwenye kompyuta. Washeni urekebishaji wa USB kwenye mipangilio ya wasanidi. iPhone huonekana kwenye Mac kwa programu ya QuickTime.

Weusi ni ulinzi: ukurasa umeiambia Android isiruhusu kunaswa kwa skrini. Ikiwa programu ni yenu, tengenezeni toleo la demo lisilo na kizuizi hicho kwenye ukurasa wa salio tu, likiwa na data ya kubuni. Ukurasa wa PIN uacheni mweusi. Na mkiwasha alama ya kuonyesha kidole kinapogusa (inasaidia sana watazamaji), kumbukeni kwamba inaonyesha pia tarakimu mnazobonyeza.

Fungueni programu, mkae kiti cha mwisho kabisa. Msichoweza kusoma hapo, kikuzeni au kiondoeni. Mandhari meusi hupotea chini ya taa za jukwaa.

Kifaa chetu hupima maji ya tangi na kutuma SMS. Tangini kimefanya kazi miezi minne. Kwenye ndoo ya demo vipimo vinarukaruka, na kikituma SMS kinajizima na kuwaka upya. Tumetumia JSN-SR04T (kipima umbali kwa mwangwi), SIM800L (moduli ya kutuma SMS) na Arduino (bodi ndogo inayoviendesha). – Msomaji, Tanga

Hayo ni matatizo mawili tofauti. JSN-SR04T haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25. Tangini maji yako mbali. Kwenye ndoo ya lita 20 yanafika puani pake. Isimamisheni kwenye stendi sentimita 35 juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji. Chombo kiwe kipana, maana mwangwi hugonga kuta za chombo chembamba na kurudi na namba za uongo. Badala ya kumimina maji mbele ya watu, fungueni bomba la chini yatoke taratibu: mawimbi hupungua. Chukueni vipimo vitano, mvipange kwa ukubwa, mtumie cha katikati.

Kujizima ni umeme. SIM800L hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na ikirusha huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo. USB ya laptopu kupitia Arduino haiwezi, volti zinaporomoka. Ipeni betri yake ya lithiamu ya volti 3.7, na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu ya moduli. Nyaya ziwe fupi na nene, na hasi ya betri iungane na hasi ya Arduino. Moduli hiyo hutumia 2G pekee, mtandao wa simu wa zamani, kwa hiyo nendeni ukumbini mapema mkajaribu laini husika. Taa ya moduli ikiwaka na kuzima kila sekunde moja, bado inatafuta mtandao. Kila sekunde tatu, imeshika. SMS yenyewe inaweza kuchelewa, basi wekeni king'ora kidogo kilie papo hapo maji yakishuka, watu wasikae kimya wakitazama simu.

Jukwaani aongee fundi au mimi? – Msomaji, Morogoro

Wewe. Fundi abonyeze, wewe uwatazame watu. Kubalianeni neno moja la kawaida, mfano "sasa tuone mauzo ya jana", ambalo kwake maana yake ni: mambo yamekwama, hamia kwenye video ya akiba.