Tubadilishe vipuri vyote kila Januari?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nasimamia pampu tatu za skimu ya maji mkoani Morogoro. Kila moja ina beringi (zinazobeba shafti, yaani mhimili unaozunguka), sili (inayozuia maji kuvuja), kapilingi (inayounga pampu na mota) na mota yake, na kila kimoja huchakaa kwa wakati wake. Fundi anashauri tubadilishe vyote kwa mkupuo kila Januari, tupumue mwaka mzima. Kamati imeshakubali kulipa. Ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Hiyo pesa isitoke kwanza.

Ushauri huo naukuta kila ninapokwenda, na mara nyingi anayeutoa ndiye huyohuyo anayeuza spea. Umejengwa juu ya imani kwamba beringi ina tarehe ya kufa. Haina. Kiwanda kikiandika saa 20,000, maana yake ni kwamba beringi 90 kati ya 100 za aina hiyo, kwa mzigo uliotajwa, zitafika hapo au kupita. Nyingi hupita mbali sana. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760 tu, kwa hiyo mtakuwa mnatupa vitu vizima.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye kipuri kipya kinachoingia. Mwaka 1978 wahandisi Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United Airlines walionyesha kuwa asilimia 89 ya vipuri walivyochunguza havikufaidika na ukomo wa umri, yaani kubadilishwa kwa tarehe, na kwa asilimia 68 hatari ya kuharibika ilikuwa kubwa zaidi vikiwa vipya. Hao ni mafundi wa ndege! Wa kwetu anapigilia beringi kwa nyundo, gololi zinatoboa vishimo kwenye njia yake, wiki ya tatu inaanza kulia, halafu lawama anapewa mchina. Beringi hupashwa moto hadi nyuzi 110 hivi, ikateleza yenyewe kwenye shafti.

Katika wazo la fundi wako kuna punje moja ya kweli: kazi ziunganishwe. Sili ikianza kuvuja, pampu lazima ifunguliwe na shafti itolewe. Beringi ziko mkononi siku hiyo. Kama zimeshakula sehemu kubwa ya saa zake, au daftari la joto na mtetemo la kila wiki linaonyesha vipimo vyake vinapanda, zibadilishe hapohapo. Mpira wa kapilingi ukague siku hiyohiyo. Mota inayopoa vizuri na isiyonguruma iache.

Msizigawie pampu saa sawa pia. Zikizeeka pamoja zitazimika pamoja. Moja itangulie kwa saa nyingi zaidi, na iliyosimama izungushwe kwa mkono kila wiki.

Na hili nawaambia wote wenye mashine za kusaga, jenereta na majokofu ya samaki: "sevisi kamili" isiyo na kipimo ni biashara ya spea. Shafti na mota zisipokaa mstari mmoja, mzigo kwenye beringi huongezeka, na mzigo ukiwa maradufu, umri wa beringi ya gololi hubaki sehemu moja ya nane. Fundi wako mwulize swali moja tu: huo mstari aliupima lini, na kwa kifaa gani?